Siku Watani Walipokuja Kuchukua Mafuta

Mtaa ule wa Nyakato, nyuma ya viwanda, kila mtu alijua kwamba ukipungukiwa unakwenda kwa Mama Koku. Umeishiwa chumvi, kwa Mama Koku. Unataka beleshi la msibani, kwa Mama Koku. Jina lake la ubatizo ni Evelina. Ni Msukuma, alizaliwa Kisesa, upande wa kuelekea Bujora, akaja mjini akiwa binti aliyemaliza darasa la saba, kumpikia shangazi yake. Huko ndiko alikoonwa na fundi wa kuchomelea vyuma, Mhaya mrefu aitwaye Rutashobya, aliyemposa kwa kumtengenezea jiko la mkaa lenye mlango. Mpaka leo Evelina husema yeye aliolewa na jiko, mwanamume alikuja kama nyongeza.

Karakana yao iko kando ya barabara ya vumbi. Wanatengeneza mageti, vitanda na grili za madirisha. Rutashobya anakata na kuchomelea, Evelina anapokea wateja, anapiga msasa na kupaka rangi, na kila asubuhi kabla umeme haujawashwa anafanya ishara ya msalaba na kumkabidhi Mungu vidole vya mume wake.

Kwenye kona ya karakana palikuwa na mashine ya zamani ya kuchomelea, nene kama kiboko, ya aina ile ambayo nyaya zake huogelea ndani ya mafuta ili zisichemke. Ilitoka katika kiwanda cha pamba kilichofungwa, ikaja na pipa la mafuta ya akiba. Walipopata mashine mpya, nyepesi ya kubeba begani, kiboko akastaafu. Pipa halikustaafu. Watu walikuwa wanaamini kwamba mafuta yaliyokaa na umeme yameunywa, na ukijipaka kwenye goti linalouma, ule umeme unaingia mwilini na kufukuza maumivu. Basi wazee wa jumuiya walikuja na vichupa vyao baada ya sala, na Evelina alivijaza kwa furaha, akiwatakia magoti ya ujana. Hakudai chochote. Kutoa kulikuwa raha yake, kama wengine walivyo na raha ya kuimba.

Sasa uongozi wa kata ukaita mkutano wa wenye karakana, gereji na mashine za kusaga. Rutashobya alisema viti vya mikutano ya serikali vinamwumiza mgongo, akamtuma mkewe. Aliyefundisha alikuwa dada mmoja wa mazingira, Dorcas, mpole, ambaye aliwaamkia shikamoo wazee wote waliokuwa ukumbini kabla ya kufungua kinywa kwa lingine lolote.

Dorcas aliwaeleza kwamba baadhi ya transfoma na mashine za zamani zina mafuta yaliyochanganywa na sumu ambayo haina harufu ya kumshtua mtu wala rangi ya kumwonya. Sumu hiyo haiozi. Ukiimwaga mtaroni inateremka na mvua mpaka ziwani, inaingia katika matope, kutoka matope inaingia kwa dagaa, kutoka kwa dagaa inakaa katika mafuta ya sangara, na sangara unamjua wewe mwenyewe anakoishia. Ukiichoma, moshi wake ni mbaya kuliko yenyewe. Kwa hiyo mwenye biashara hana ruhusa kuifungua mashine ya namna hiyo, wala kumwaga mafuta yake, wala kuyagawa, wala kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Anatoa taarifa, mafuta yanapimwa, na wakati anangoja anaiweka chini ya paa, juu ya saruji, ndani ya sinia la bati lenye kingo ili hata ikivuja isifike ardhini. Mwisho wanakuja wenye kibali na gari lao kuichukua, pamoja na kila kitambaa na kila chombo kilichogusa mafuta hayo.

Evelina alinyoosha mkono. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za jirani, je, mtu akijipaka kwenye goti?

Dorcas alimtazama. "Mama, kuna anayejipaka?"

"Ni mfano tu," alisema Evelina, akakaa. Kisha akasimama tena, maana alikuwa amepokea Komunyo jana yake tu. "Si mfano, mwanangu. Ni majirani zangu. Na nimewapa mimi."

Dorcas hakumkaripia. Alikuja karakana siku iliyofuata, akavaa glavu, akachukua mafuta kidogo kwenda kupima. Majibu yaliporudi alikuja nayo mwenyewe: sumu imo, na si kidogo. Waliojipaka waache, waoge kwa sabuni, na wafike kituo cha afya waseme walichokuwa wanajipaka. Gari la wenye kibali litakuja Jumatatu ya wiki inayofuata, na vichupa vyote viwe vimerudi, kwa sababu kitakachobaki mtaani kitabaki mtaani.

Rutashobya aliyafanya yote aliyoambiwa. Alikunja sinia la bati, wakaviringisha pipa na kuliinua humo pamoja na kiboko, wakazungushia mchanga. Akaandika na tangazo kwa rangi nyekundu, HATARI, MAFUTA YA SUMU, USIGUSE, na chini yake akachora fuvu la kichwa. Rutashobya ni fundi wa vyuma, si wa picha. Fuvu lilitoka likitabasamu.

Saa saba mchana mgeni kutoka Igoma alisimama mlangoni na chupa ya maji iliyo tupu. Alikuwa amesikia kwamba dawa ya magoti ya Mama Koku ni kali kiasi kwamba sasa imewekewa fuvu. Hakuwa na wasiwasi. Dawa isiyotisha, alisema, haiponyi. Jioni wakaja wengine wawili. Rutashobya aliling'oa tangazo lake kwa uchungu wa mwandishi asiyeeleweka, akalibandika ndani, akafunga kona nzima kwa grili na kufuli.

Lakini vichupa vilivyokwisha kutoka ndivyo vilivyomnyima Evelina usingizi. Atavirudishaje? Alilelewa kwamba kitu ukishakitoa kimekwenda, na kukifuata ni kumwambia mtu kwamba siku ile ulimpa kwa makosa. Na katika vyote, kimoja kilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Kilikuwa kwa Bibi Paskazia.

Bibi Paskazia ndiye mama yake wa mjini, anayemwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Ndiye aliyemfundisha kukamua limao kwenye sato na kuongea na wenye nyumba. Na mjukuu wake Leonsia alikuwa katika siku zake za kujifungua. Bibi alikuwa ameacha kujipaka magotini akayatunza yale mafuta yote yaliyobaki, ili ampake kitukuu akishazaliwa, kichwa mpaka nyayo, apate nguvu mapema.

Evelina alimwendea. Njiani alikuwa amepanga maneno mazuri, alipofika yakamtoka yale ya Dorcas, ya kuambiwa na kuelekezwa, na taratibu, na taka hatarishi. Bibi Paskazia alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo zawadi yangu ni taka," alisema.

"Mayu, sikusema hivyo."

"Umesema hatarishi. Mimi nimejipaka tangu masika, mbona sijafa? Au umeshapata mnunuzi? Sema tu, Evelina. Mkono wa birika nao ni mkono."

Hapakuwa na neno jingine ambalo lingemchoma kama hilo. Kuitwa mchoyo, yeye. Alirudi nyumbani akiwa amejifunika kanga mpaka machoni, akasali rozari nzima, na baada ya rozari bado hakujua la kufanya. Jumamosi Leonsia alirudi kutoka kituo cha afya na mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya mbuzi. Mtaa ulipiga vigelegele. Evelina naye alipiga, huku akihesabu moyoni kwamba mtoto ataanza kuogeshwa na kupakwa na bibi yake kesho, kitovu kikishatazamwa.

Jioni hiyo alikuwa ameketi mbele ya ugali na furu wa kukaanga asioweza kumeza, akaingia Jovinary, mdogo wake Rutashobya. Jovinary ni kinyozi, na hajawahi kuingia nyumbani kwa shemeji yake bila kuiba kitu. Alipita nyuma yake, akamchukua yule samaki kichwani, akamla amesimama.

Evelina alicheka bila kutaka. "Huna aibu, shemeji."

"Aibu ni ya nini? Mimi mtani. Mtani haombi, anachukua. Nawe ukilia umeshindwa."

Evelina aliweka tonge chini. Wahaya na Wasukuma wa mtaa ule wametaniana miaka mingi mpaka utani umekuwa na sheria zake. Msukuma akinunua godoro, Mhaya anakuja kulilalia wa kwanza. Mhaya akioa, Wasukuma wanakalia kiti cha bwana harusi mpaka wapewe nyama. Mtani akichukua chako hakukuaibisha, na wala hakuna aliyerudisha zawadi. Kumechezwa tu.

"Jovinary," alisema, "kesho baada ya sala ya jumuiya mna kazi?"

Jumapili waliosali katika jumuiya ya Mtakatifu Anna walipotoka walikuta Wahaya wa mtaa wamejipanga barabarani na ndoo zilizotandikwa maranda, mikononi glavu za karakana. Jovinary alikuwa mbele amejifunga taulo kiunoni kama mganga. Nyuma yao alikuwa Evelina na ndoo ya vipande vya sabuni ya mche. Alikuwa ameweka sharti moja tu: wao wachekeshe mlangoni, lakini kila nyumba atasema ukweli mwenyewe, kwa sababu hakutaka hata kichupa kimoja kirudi kwa uongo.

Walianza kwa Mzee Mashimba, ambaye alikuwa bado ameshika kitabu cha nyimbo.

"Mzee, shikamoo," alisema Jovinary. "Tumesikia Wasukuma mnalainisha magoti ili mfukuzane na ng'ombe. Tumekuja kuchukua mafuta, ng'ombe wapumzike."

"Marahaba. Chukueni," alisema Mzee Mashimba. "Maana Mhaya hajawahi kukimbia kitu maishani isipokuwa jembe."

"Jembe tuliwaachia nyinyi, sisi tukaenda shule."

"Na mmesoma yote hayo ili mje kuiba vichupa."

Watu walicheka mpaka waliokuwa wameshafika kwao wakarudi kuangalia. Mzee Mashimba alileta kichupa chake mwenyewe. Evelina alikipokea kwa glavu, akamwambia pale pale, taratibu, kwamba yale mafuta yamepimwa yakaonekana yana sumu, kwamba yeye alimpa bila kujua, na kwamba aende kituo cha afya aonwe. Akampa sabuni. Mzee aliitazama sabuni, akamtazama yeye, akasema kwamba goti lake halikupona hata siku moja, ila alikuwa anaona haya kumwambia.

Hilo la haya lilikuwa geni kwa Evelina, na nyumba ya pili akalisikia tena. Kumbe nusu ya mtaa walikuwa wanachukua ili wasimvunje moyo. Mwingine alikuwa amepaka bawaba za mlango, mwingine kwenye kwato za mbuzi, na mama mmoja alikuwa ametumia kichupa kizima kuzuia dirisha lisigonge, hajakifungua kabisa. Ndoo zikajaa. Mafuta yaliyopakwa kwenye bawaba yalifutwa kwa vitambaa, na vitambaa navyo vikaingia ndooni. Wakawa wanaimba sasa, Wasukuma wamejiunga na kundi lililokuja kuwaibia, na kila mlango walioufikia matusi yalikuwa mazuri zaidi.

Walipoikaribia nyumba ya Bibi Paskazia wimbo ulikatika wenyewe. Jovinary aliweka ndoo chini. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo hawezi. Nyumba yenye mzazi na kichanga haivamiwi, hata kwa utani. Mtani anachukua cha mtu mzima, hachukui cha mtoto.

Basi Evelina aliingia peke yake, kipande cha sabuni mkononi.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa. Leonsia alikuwa kitandani na mtoto. Beseni la maji ya vuguvugu lilikuwa tayari, na kando yake, juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa safi, kichupa kilikuwa kimesimama kama kitu cha altareni.

"Umekuja na jeshi," alisema Bibi Paskazia bila kugeuka.

"Jeshi limebaki nje, mayu. Wanasema hapa hawana ruhusa."

"Walau wao wamefunzwa."

Evelina alivua viatu, akakaa kwenye mkeka. Safari hii hakuwa na maneno aliyoyapanga. Alimtazama mtoto, na akili yake ikarudi kwa Koku, mwanawe wa kwanza, na mikono ya mama huyuhuyu.

"Mayu, Koku alipozaliwa nilikuwa naogopa hata kumshika. Ulinifundisha wewe. Kabla hujampaka ulifanya kitu, ukaniambia nisikisahau."

Bibi Paskazia alijaribu maji ya beseni kwa kiwiko. Kisha akajibu, kwa kuwa mwalimu akiulizwa somo lake hawezi kujizuia. "Nililamba. Kichanga hajui mkono na titi, kila kitu anatia mdomoni. Kwa hiyo usimpake mtoto wa mwenzio kitu ambacho wewe mwenyewe hujakilamba kwanza."

Bibi Paskazia alikitazama kichupa. Alinyoosha mkono, akakifungua, akakileta puani, na Evelina akamshika kifundo cha mkono kabla hajafika mbali zaidi, akakishikilia.

"Usilambe, mayu. Nakuomba. Nilikupa kwa kupenda, na nimekuja kuchukua kwa kupenda. Niite mchoyo mtaa mzima usikie, lakini usilambe."

Leonsia aliinuka kidogo kitandani. "Bibi," alisema, "mwanangu hatapakwa hicho."

Bibi Paskazia hakuuondoa mkono wake katika mkono wa Evelina. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na iliwachukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Mimi mwenyewe ningemaliza kumwogesha ndipo nikumbuke kulamba," alisema. "Uzee huu. Na wewe, Evelina, siku ile ulinijia na maneno ya ofisini kama karani wa kodi. Ungeniuliza hivi, tungekuwa tumemaliza siku hiyohiyo."

"Nilikosa, mayu."

"Ulikosa. Nimekusamehe. Nipe na hiyo sabuni, mbona unaikumbatia."

Alifunga kichupa, akanawa mikono mpaka viwiko kwa ile sabuni, mara mbili, na Evelina naye, halafu akakibeba kichupa kwa kitambaa chake mpaka mlangoni. Jovinary alisogeza ndoo. Bibi alikiweka ndani polepole, pamoja na kitambaa chenyewe.

"Chukua, Mhaya. Na usije ukajipaka, unajiona umeng'aa vya kutosha." Kisha akainua sauti ili wote wasikie. "Sasa mmekuja kwangu mikono mitupu mmechukua mafuta ya mtoto. Sheria ya utani mnaijua. Nani atayakomboa?"

Ulitokea ubishi mtamu barabarani. Wahaya walisema fidia iwe ndizi, wakazomewa. Mwishowe Jovinary alipewa amri ya kwenda Kisesa kwa wakwe wa kaka yake kutafuta samli, na alikwenda kwa bodaboda akiwa bado amejifunga lile taulo. Alirudi na samli ya ng'ombe, nyeupe, ya kuliwa kwa ugali na chumvi. Bibi Paskazia alichovya kidole, akalamba, akafumba macho, akalamba tena, akasema haamini, ngoja ahakikishe. Leonsia alimwambia samli itaisha kabla mtoto hajaiona.

Maji yalipashwa upya. Bibi alikunja mikono ya gauni lake, halafu akasimama kando na kumsukumia Evelina beseni.

"Mwogeshe wewe," alisema. "Nitakuwa nakukosoa."

Na alimkosoa kweli. Shingo hujaifikia. Mshike kichwa, si papai hilo. Nyuma ya masikio, huko ndiko maziwa yanakojificha. Evelina aliinama juu ya beseni akicheka na kulia kwa pamoja, mikono imezama katika mikunjo ya yule mtu mdogo, na mtoto, aliyekuwa amepiga kelele tangu Jumamosi, alipopakwa samli kifuani alinyamaza, akafungua ngumi moja, akaitia mdomoni, akainyonya kwa bidii mbele yao wote. Wanawake watatu walitazamana. Evelina alifanya ishara ya msalaba kwa kidole chenye samli.

Jumatatu gari la wenye kibali lilikuja, na vijana waliovaa nguo za kujifunika mwili mzima. Dorcas alikuwepo kusimamia. Alitegemea kukuta vichupa vichache. Alikuta ndoo zimepangwa ndani ya sinia, zimefunikwa, na vitambaa, glavu na maranda yake. Akamwuliza Evelina amewezaje. Evelina alianza kumweleza habari za utani, akaona ni ndefu, akamwambia Mungu alisaidia, na Wahaya kidogo.

Kiboko alipofungwa kwa minyororo na kupandishwa, mtaa mzima ulikuwa nje. Mtu mmoja alianza kupiga vigelegele kama wanavyosindikizwa maharusi, wengine wakadakia, na vijana wa gari, ambao hawajazoea kupigiwa vigelegele popote waendapo na sumu, walianza kupunga mikono ndani ya glavu zao kubwa. Mzee Mashimba aliitisha salamu ya kumuaga mstaafu. Rutashobya alikabidhiwa hati yake ya kwamba amekabidhi kwa utaratibu, akaishika juu kichwani kama kombe.

Bibi Paskazia alijikokota mpaka kwenye dirisha la dereva, mtoto kifuani ndani ya kanga akiwa amelala. Alikuwa anatoka kituo cha afya, amepewa vidonge vya goti na amri ya kurudi.

"Mwanangu," alimwambia dereva, "endesha taratibu. Kuna ziwa huko mbele."

"Sawa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Taratibu hivyohivyo," alisema, na akabaki amesimama barabarani, akimpigapiga mtoto mgongoni, mpaka gari lilipokata kona.